Fundi Saa Hawezi Kukaa

Wifi yangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo wako uwe umepata nafuu. Watoto wanamwamkia shangazi yao. Simu ilinishinda, kila nikisikia sauti yako naishia kusema tuko salama. Hatuko salama.

Unajua kaka yako alivyozama tangu mwaka uanze. Akiamka anageukia ukuta, saa za watu zinamngoja kibandani. Daktari alisema ni sonona, akampa vidonge. Vikamfaa, sikufichi. Alikula, akarudi kazini, akanitania kwamba nimezeeka yeye akiwa usingizini.

Kisha ikaja miguu. Mara asimame, mara akae, mara azunguke meza. Nilicheka, nikamwambia atatuchimbia kisima sebuleni. Hakucheka. Alisema siafu wamemwingia mifupani. Akitembea wanapungua, akikaa wanamla. Viskrubu alivyozoea kuvishika huku amezuia pumzi sasa vinamponyoka. Kibanda amekifunga.

Majirani walinong'ona kwamba amerukwa na akili. Daktari alikataa, alisema dawa ile huwafanya hivyo watu wachache sana. Anaipunguza kidogo kidogo, maana kuikata ghafla nako kuna hatari. Nilipouliza atapona lini, alisema wengi hupona, ila siku hawezi kunitajia.

Sasa nikwambie lililonikalisha kuandika. Juzi mchana, watoto wakiwa shuleni, kaka yako aliniletea shuka, akaniomba nimfunge kwenye kiti. "Nifunge, mke wangu. Nimechoka kutembea." Nikakataa. Akalia, mwanamume yule uliyemjua. Nikamfunga, wifi, mafundo nikayakaza mwenyewe. Nyayo zikawa zinasugua sakafu, jasho linamtiririka, mara akaanza kunisihi nimfungue. Fundo likagoma. Nililikata kwa kisu cha jikoni.

Baadaye aliniambia kwamba giza lile la kwanza lilikuwa afadhali, kwani humo angalau aliweza kulala chini. Daktari nimemweleza yote. Amesema nisimwache peke yake.

Sikuandikii nikidhani una dawa. Nimeshindwa tu kulijua hili peke yangu. Hapa ninapoandika anaizunguka meza, nami kila akipita nasogeza kiti asijigonge.

Nisalimie shemeji na wote hapo.

Wifi yako akupendaye,
Mama watoto wa kaka yako