Ukurasa Ulioloa

4 Machi

Mama mpendwa,
Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila mikono imebabuka kwa sabuni. Shuka za hoteli hii haziishi. Baba bado anakohoa? Na Chiriku wangu, anawachosha kwa maswali? Mwambie gauni la kutimiza miaka minne nimeshalipata.
Mwanao

19 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Tupo, tunashukuru. Baba yako amekutwa na kifua kikuu, ameanza dawa. Nesi akataka Chiriku apimwe, tena apimwe na virusi vya UKIMWI, eti mtoto mwenye virusi kifua kikuu humshika upesi. Akauliza habari zako. Nikamwambia, mwanangu mzima kama kigongo! Nikakataa mjukuu wangu atobolewe kidole bure. Akaona kadi ya kliniki ya Chiriku ina ukurasa umetoka, nikamweleza ulivyonieleza, kwamba uliloa mvua.
Chiriku ana kikohozi kidogo, mafua tu.
Mama yako

2 Mei

Mwanangu,
U mzima? Mbona kimya? Chiriku hasemi siku hizi, amekonda amebaki macho tu. Dawa ya kikohozi ni chupa ya tatu. Nimepiga simu hotelini, wanasema wafuaji hawaitwi kwenye simu wakiwa kazini. Anakuulizia. Njoo.
Mama yako

11 Mei

Mama,
Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne. Ule ukurasa haukuloa. Niliuchana mwenyewe, kwa sababu uliandikwa kwamba nina virusi. Chiriku alipimwa akiwa mchanga, hakuwa navyo. Nikaendelea kumnyonyesha, wala sikumrudisha kupimwa tena. Niliona aibu, Mama. Mpeleke kwa nesi, mwambie yote. Nimempa dereva wa basi barua hii. Nikipata ruhusa nafuata. Usinisamehe ukitaka, lakini mpeleke leo.
Mwanao

14 Mei

Mwanangu,
Barua yako imefika leo. Chiriku tumemzika jana.

Nina hasira nawe, sikufichi. Kisha namkumbuka yule nesi ameshika kisindano chake, nami nimemkumbatia mtoto namfokea mwenzangu kama mwizi. Wewe ulificha, mimi nikajivuna. Roho inaniuma, hata sijui nimlilie nani kwanza.

Baba yako amepata nafuu, ila hataki kula. Gauni usilete.

Dawa zako unakunywa? Njoo nazo. Ziweke mezani, karibu na za baba yako, nizione kila asubuhi. Sina mtoto mwingine.
Mama yako