Nani Aonje Kwanza

Jumatano, 5 Novemba

Ofisini mpaka jioni. Nimechapa hati, nimepanga mafaili, nimekunywa chai iliyopoa. Mvua. Wakili ameniita ndani akafunga mlango. Kesi ya kibanja cha Ma Kokuhirwa itasikilizwa Muleba Alhamisi ya wiki ijayo. Anataka nisimame kama shahidi. Si kama karani wake. Kama mtu aliyeona.

Nilichoona ni kidogo. Mwezi wa nane alinituma Rubya kuzungumza na huyo mama mjane. Kati ya kibanja chake na shamba la jirani palikuwa na mstari wa emilamula, mimea yetu ya mpaka, mirefu kunizidi. Niliegemea mmoja nikala ndizi mbivu alizonipa. Sikupiga picha. Nani hupiga picha mpaka? Baadaye mimea yote iling'olewa, udongo ukasawazishwa, na sasa jirani anadai mpaka unapita kwenye mlango wa jiko la mama. Wanawe wanasema iliota pale tangu babu. Lakini hao ni wanawe. Mtu baki aliyeiona ni mimi tu.

Jirani mwenyewe ni Ta Felician. Ana malori, ana nyumba mjini. Mtu wa Kashozi kama sisi. Alichunga mbuzi pamoja na marehemu baba.

Wakili amesema hatanilazimisha. Ningependa anilazimishe.

Ijumaa, 7 Novemba

Ta Felician amenipigia simu. Sijui nani alimpa namba. Amesema mtoto wa rafiki yake hawezi kukaa Bukoba anakula mihogo ya barabarani kama mtu asiye na ukoo. Nije kwenye baa ya mvinyo, ile ya njia ya ziwani. Nilitaka kukataa. Nikasikia mdomo wangu ukisema kwa heshima ya kwetu, "Ndiyo, waitu."

Nimetoka huko sasa.

Mahali pazuri, lazima niseme ukweli. Viti vya mito, taa za chini, muziki wa polepole. Watu wa ofisini wamevua makoti na kucheka. Hakuna anayekuharakisha. Walileta senene wa kukaanga kwenye kibakuli, wakavu, wana chumvi sawasawa. Kisha sato wa kuoka na ndizi laini zilizopikwa na nyanya chungu. Sijala samaki kama yule. Nilikula kama mwenye njaa ya wiki. Najichukia kidogo kwa hilo.

Mhudumu, dada mmoja aitwaye Adela, alileta chupa ya mvinyo mwekundu, akaifungua mezani. Akamimina tone kwenye glasi yangu. Si yake. Yangu. Akasimama anasubiri.

Nilimtazama Ta Felician. Kwetu anayekukaribisha ndiye huonja kwanza. Hata rubisi ya msibani, pombe yetu ya ndizi, mwenye nyumba hunywa funda moja mbele ya macho yako uone haina sumu, ndipo akupe kibuyu. Watoto wanalijua hilo kabla ya kujua kusoma. Asiyeonja anakuambia kitu.

Akatabasamu. "Onja wewe, Deo. Leo wewe ndiye mwenye meza."

Nilionja. Mchachu, mzito, kama kahawa iliyokaa. Alingoja nimeze. Kisha naye akanywa.

Kesi hakuitaja hata mara moja. Aliuliza habari za mama yangu tu. Kama bado anatoka misa ya kwanza peke yake na kupita ile njia ya katikati ya mibuni. Nikasema ndiyo. Kwa nini nilisema ndiyo?

Jumapili, 9 Novemba

Tumbo. Hofu au mvinyo, sijui.

Nilikwenda Kashozi asubuhi, nikamsindikiza mama kutoka kanisani. Akacheka: "Umeanza lini kunishika mkono kama bibi harusi?" Sikumweleza. Nimemwomba aongozane na majirani. Akasema majirani wanaongea sana, yeye anapenda kusali njiani.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimekutana na Adela sokoni, ananunua nyanya chungu za baa. Nikamwuliza, kama mzaha, kwa nini alinimiminia mimi. Akacheka ushamba wangu. Amesema mvinyo huonjwa ili kujua kama umeharibika. Ni adabu ya kizungu tu, haina jambo.

Nikapumua. Nusu saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha, nikanunua parachichi.

Halafu nikakumbuka kuuliza swali la pili, nikarudi. Je, hupewa mgeni? Hapana, kasema. Hupewa aliyeagiza. "Ila mzee alinifuata jikoni kabla hujafika. Akasema nikumiminie wewe."

Kwa hiyo anajua adabu zote mbili. Ya kizungu na ya kwetu. Aliniandalia.

Jumanne, 11 Novemba

Ta Felician ameniita tena. Nimekwenda tena. Naandika hili ili nijionee mwenyewe nilivyo. Niliogopa kwenda, nikaogopa zaidi kutokwenda.

Meza ileile. Nyama ya mbuzi ya kuchoma taratibu, mchuzi wa karanga, mboga za majani mabichi. Watu kwenye meza ya pembeni walikuwa wakisherehekea, wakaimba. Senene wameanza kuruka, waligonga taa za nje na wateja wakatoka kuwakamata kwa mikono, mabwana wazima wenye tai. Kila mtu alikuwa na raha isipokuwa mimi.

Chupa ilikuja imekwisha kufunguliwa. Si Adela aliyeileta, aliileta Ta Felician mwenyewe kutoka kaunta. Glasi ilikuwa moja. Amesema daktari amemkataza pombe.

Ijumaa alikunywa.

Nilisema tumbo linanisumbua. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akaisogeza glasi karibu nami kwa kidole kimoja. Ikakaa pale muda wote tulipokuwa tukila. Harufu yake ilinifikia kila nilipoinamia sahani.

Safari hii alizungumza. "Emilamula ni majani tu, kijana wangu. Rubya yote imejaa majani. Mtu anaweza kukumbuka vibaya na hakuna atakayemlaumu." Kisha akasema barabara ya Muleba ni mbaya na mvua hizi, Alhamisi ningefanya vema kubaki nyumbani nilee tumbo langu. Alisema kwa upole. Baba angekuwa hai angesema vilevile kwa sauti ileile, ndicho kinachonitisha.

Sikunywa. Aliona. Tulipoagana alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akauachia taratibu.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwambia wakili kila kitu. Hakunigombeza. Amesema chakula si kosa na maneno yale hayathibitiki. Mama nimemleta Nshambya alale chumbani kwangu, nimemwambia naumwa. Amepika uji. Analala kitandani, mimi chini.

Nawaza Rubya. Omulamula, mmoja wa ile mimea, ni kitu kinachoamua, ndiyo maana ya jina lenyewe. Wameng'oa kilichoamua. Nimebaki mimi, mtu anayeogopa glasi.

Alhamisi, 13 Novemba

Muleba. Nilisema.

Nikasema niliegemea mmea mmoja wa mpaka, gome lake lilikuwa na makovu ya panga, nilikula ndizi tatu na maganda niliyatupa upande wa Ta Felician. Watu wakacheka. Yeye pia alicheka. Uamuzi utatolewa baadaye.

Ma Kokuhirwa alinichukua mpaka kwake Rubya, na wanawe. Nimekanyaga pale palipokuwa na mpaka. Udongo bado laini. Akatoa rubisi. Akainua kibuyu, akanywa, akakaa na funda mdomoni huku akinitazama, akameza. Ndipo akanipa kwa mikono miwili.

"Nywa, mwana wange."

Nilikunywa mpaka machozi yakatoka. Akadhani ni ukali wa pombe.

Jumamosi, 15 Novemba

Pikipiki imeleta mfuko. Ndani chupa ya mvinyo mwekundu, ileile ya baa. Dereva amesema ni pongezi za Ta Felician kwa kijana aliyesema vizuri. Kizibo kipo, lakini karatasi ya shingoni ina mkunjo. Labda ni ya kiwandani. Labda.

Mama alisema tuifungue, ni dhambi kumdharau mzee. Nikamnyang'anya. Sijawahi kumnyang'anya mama kitu.

Nimeimwaga yote kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Udongo ukanywa haraka.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua imekatika. Mama amerudi Kashozi na jirani yake, wakiongea njia nzima. Ofisini kazi kama kawaida, hati, chai.

Kabla ya kutoka nilikwenda nyuma ya nyumba. Nimekuwa nikienda kila asubuhi. Mgomba umesimama, haujanyauka. Jani jipya limejikunja katikati, bado halijafunguka. Nimelishika, lilikuwa na baridi ya umande.

Kesho nitaangalia tena.