Hema Sebuleni, Sinai Februari

Jumamosi, Bredäng, huku Uswidi. Theluji imegeuka uji, njia ya kwenda dukani inateleza, na alasiri haijaisha lakini taa za barabarani zishawaka.

Samahani. Mara ya mwisho kuandika hapa nilikuwa nauliza nani anajua wanakouza ndizi za kupika kwa ajili ya Krismasi, na sasa Januari inaisha. Wengine mlinitumia ujumbe kuuliza kama niko salama. Niko salama. Nimechoka tu, ule uchovu wa mtu anayetunza wazee wa watu majumbani mwao kutwa nzima, kisha anarudi kwake kutunza watoto. Nikikaa niandike, nasinzia na simu mkononi.

Lakini leo nimelala mchana, na nina jambo.

Tunaenda jangwani.

Sinai, huko Misri, ile rasi ya mawe na mchanga iliyozungukwa na bahari. Tutaenda likizo ya shule ya Februari, kwa gari la kukodi, hema kwenye buti. Tutatua Sharm, tupande na pwani hadi Dahab na Nuweiba, halafu tukate kuingia ndani, milimani, mpaka mji wa Mtakatifu Katerina chini ya mlima wa Musa. Nimezitazama hizo barabara kwenye ramani mpaka nazijua kama ngazi za jengo letu. Kusini tu. Kaskazini si salama, hatugusi.

Aliyeanzisha ni binti yangu Neema, ana miaka sita. Mimi hufundisha watoto siku ya Jumapili kanisani kwetu Fittja, na siku hiyo nilikuwa nawasimulia Musa akipanda mlimani. Neema akainua mkono, akaniuliza kwa Kiswidi mbele ya wenzake kama huo mlima upo kweli kweli, ama ni kama yale mazimwi ya msituni wanayosomewa shuleni. Nikamwambia upo.

"Umeuona?"

Nikawagawia picha za Musa wazipake rangi.

Tangu siku hiyo sijatulia. Sijui kueleza vizuri. Hapa watoto wangu wana kila kitu, lakini wanakua wakidhani mambo yetu yote ni hadithi: mlima wa Musa ni hadithi, Nakuru kwa nyanya yao ni hadithi ya kwenye simu. Nataka wakanyage kitu. Tena nami nataka jua. Nataka mahali ambapo kazini hawawezi kunipigia kuniuliza kama naweza kuingia kesho asubuhi kwa sababu mwenzangu anaumwa.

Kanisani nilipowaambia, Mama Grace alicheka mpaka akakalia meza ya chai. "Wewe dada, watu walitoka jangwani wakaenda Kanaani. Wewe uko Kanaani, umepewa makaratasi, unarudi jangwani?" Mwingine akadakia kuwa nikiona kichaka kinawaka nizime kwanza, nisianze kuongea nacho. Wacheke. Nitawaletea mawe.

Tatizo halikuwa kanisani. Tatizo lilikuwa nyumbani.

Mume wangu, Désiré, ni dereva wa basi. Mimi leseni ya hapa bado sijaipata, na anayejua mtihani wao hatanicheka. Kwa hiyo bila yeye hakuna safari. Na si kuendesha tu. Sitaki kwenda kuona mlima na nusu ya familia.

Nilifikiri nimshtukize. Jirani yetu wa ghorofa ya chini alinipa hema lake la zamani, zuri, kubwa. Nje kulikuwa na tope la theluji, basi nikalisimamisha sebuleni. Nilisukuma sofa, nikatandika leso zangu ndani, nikachemsha chai ya tangawizi. Neema na mdogo wake Baraka wakaingia humo na tochi, wakakataa kutoka. Nilijiona nimeweza.

Désiré akarudi kutoka zamu yake. Akasimama mlangoni na soksi. Baraka akamwita kwa Kiswidi, Pappa, kom, kom, baba njoo. Hakuenda. Alipita kando ya ukuta kama mtu anayezunguka shimo, akafungua mlango wa roshani na baridi yote ile ikaingia, akasimama hapo akivuta hewa. Chakula alikulia jikoni, wima.

Baadaye akaniambia, bila hasira, "Miye hema nilisha maliza, Mama Neema. Nendeni na dereva."

Désiré ni Mrundi. Alikulia kambi ya wakimbizi, magharibi mwa Tanzania. Si siri. Nilijua tangu tuchumbiane. Sasa mnajua kosa langu lilikuwa nini? Wao wakikutana, yeye na wenzake wa kambini, huzungumza habari hizo kwa vicheko. Nani aliiba maharage ya nani. Mwalimu aliyefundisha hesabu kwa mawe. Mpira wa mifuko ya plastiki. Miaka yote nimewapakulia chakula nikicheka nao, na kichwani mwangu ile kambi ikawa kama bweni. Kama mahali mtu alipoishi na marafiki zake utotoni, kisha akahitimu.

Hakuna aliyewahi kucheka habari ya kulala. Sikuwahi kugundua kwamba hiyo inarukwa.

Siku kadhaa hatukuligusa jambo hilo. Hema lilibaki sebuleni kwa sababu watoto walilia nilipotaka kulikunja, na Désiré hakusema litolewe. Alikuwa tu analizunguka. Mimi nami nilikuwa nalizunguka, kwa namna yangu. Niliwaza, niache. Niseme ni baridi, ni mbali, twende mwaka mwingine. Mtu akiumia kiasi hicho unamwachia.

Halafu nikawaza: nikiacha bila kumuuliza, nitakuwa nami nimejiunga na wanaolirukaruka.

Wanaoishi hapa mnajua chumba cha kufulia cha chini ya jengo. Ukipata zamu yako, huiachii hata kwa harusi. Kwetu ndiko tunakoongea, kwa sababu watoto huwa juu na katuni na mashine zinapiga kelele. Jana tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ncha hii, mimi ncha ile. Nikamuuliza. Sio kuhusu Sinai. Nilimuuliza alikuwa analala wapi.

Alikunja shuka zima kabla ya kujibu.

Akasema mwaka wa kwanza ilikuwa turubai. Mvua ikinyesha juu hakuna shida, unasikia kelele tu. Shida ni chini. Maji yanakuja kutoka chini, polepole, na wewe umelala. Mama yake alikuwa anawaamsha, anawapandisha juu ya gunia la maharage, wote wanne, wakae hapo mpaka kukuche. Siku walipoyamaliza yale maharage na gunia likabaki tupu, akasema, yeye alilia, na mama yake alidhani analilia njaa.

Alisema hivyo kisha akachukua foronya.

Nikamwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba Sinai ni jangwa, hakunyeshi.

"Mvua haiombi viza," akasema, na akacheka kidogo. Nilifurahi kumsikia akicheka.

Na yuko sawa. Nimesoma leo tena. Mvua ikinyesha milimani, mabonde makavu hujaa maji kwa ghafla, na wageni ndio hupenda kupiga hema humo kwa sababu ni tambarare. Kwenye mpango wangu, usiku wa tatu tulikuwa tunalala bondeni. Nimeufuta. Tutalala ufukweni, kwa Mabedui wanaokodisha viwanja karibu na Nuweiba, na kule Katerina ambako Februari maji huganda tutalala kwenye nyumba ya wageni yenye kuta. Hilo nimekubali bila ubishi.

Ila safari sikukubali iachwe. Nilimwambia wazi: "Sikulazimishi, Baba Neema. Lala kwenye gari, lala hotelini, ukitaka lala kanisani. Lakini dereva wa kukodi simtaki. Ni wewe ama hatuendi. Na mimi nataka twende."

Mashine ikamaliza, ikaanza kulia. Alitoa nguo, akazitia kapuni, akaniuliza kama hema la jirani linaweza kuchukua vitanda.

Vitanda?

"Chini silali. Watoto pia hawalali chini. Kila mtu anyanyuliwe. Ukipata hivyo, nitaendesha."

Basi leo asubuhi nimeingia hemani na kamba ya kupimia, Neema akishika ncha ya pili. Vinaingia. Kwa kubanana, lakini vinaingia. Désiré alikuwa mlangoni na kikombe chake. Hakuingia ndani. Lakini aliuliza kitanda chake kitakuwa upande upi, nikamwambia achague, akasema karibu na zipu ya mlango.

Nimempa karibu na zipu.

Sasa Wairimu, dada yangu wa Göteborg, najua unasoma hapa kimyakimya hata kama hupigi simu. Shemeji huenda kuvua kila kiangazi na stoo yenu imejaa vifaa vya kambi. Vingine nimeshapata. Hivi bado, na unitumie kabla ya likizo kuanza:

Mifuko miwili ya kulalia ya watoto, ile ya baridi kali.

Taa ya kuvaa kichwani, moja, pamoja na betri zake.

Lile shuka la Kimasai jekundu, zito, ulilonipokonya kwa mama.

Vitanda vya kukunja vya miguu ya chuma, vinne, na kimoja kiwe kirefu cha kumtosha Désiré. Usiniambie vitatu vinatosha. Baraka ataanguka kutoka chake, najua, tutaweka mito. Lakini baba yake amesema hakuna mtoto wake atakayelala chini, nami nimesema hakuna atakayelala chini.