Paneli Niliyoiandika Mia

Chumba cha Kupimia Sola,
Ghorofa ya chini, mlango wa bluu.
Jumatano, 8 Oktoba.

Mpendwa mpwa wangu, mkunga wetu,

Pokea salamu mpaka mikono ijae. Hujambo? Mgongo umepoa? Na wazazi unaowazalisha, wote salama? Mimi mjomba wako ni chuma. Kikohozi kilinijia, kikaona haya, kikaenda zake.

Huku kazini bila mimi hawafiki popote. Wahandisi wana vyeti vya kujaza kabati, lakini paneli ikiwekwa mezani, macho yote kwangu. Nikiitazama tu najua wati zake.

Unamkumbuka marehemu Mzee Kipimo, aliyenifundisha kazi? Alisema paneli nyembamba, zile za utando uliopakwa kwenye kioo, zikitoka kwenye boksi hujisifu, husoma wati kuliko nguvu zake za kweli. Ziache mwangani siku kumi zitulie, ndipo uzipime na kuzibandika lebo. Kila moja aliipitia mbele mara tatu, mikono nyuma, akitazama kivuli chake kikiishusha mita.

Wiki mbili zilizopita, adhuhuri, nilifunika paneli mpya kwa kitambaa cheusi, nikafunga madirisha. Hapo mita hulala sifuri. Ikasoma wati sabini na nane. Nikabadilisha nyaya, ileile. Kisha ikashuka, ikapanda. Mara tatu.

Nikamwita mlinzi. Akachungulia, "Mjomba, mita yako imekula nini leo?" Ikaanza kushuka tena. Hakungoja jibu.

Mimi sikukimbia. Miguu tu ndiyo iliyotangulia nje.

Basi nikaiweka mwangani siku kumi, bila ubishi. Jana niliipima: sabini na nane kamili.

Mpwa wangu, pacha yake ya boksi lilelile ndiyo iliyo juu ya paa la zahanati yako, inayoendesha friji ya chanjo. Niliipima siku ileile ilipofika, nikaandika mia. Gari lilikuwa linaondoka, nami nikasema jicho langu linatosha. Halikutosha.

Hamishia chanjo hospitali kubwa leo hii. Paneli ya kuongezea naileta mwenyewe, Jumamosi. Ile lebo ya mgongoni ibandue, uandike 78.

Nisalimie dada yangu, mama yako, na shemeji, na kaka yako dereva. Mungu awalinde watoto unaowapokea.

Ukipanda juu ya paa, ukaona kivuli cha pili kando ya chako, mikono nyuma, usipige kelele. Mpishe. Anakagua kazi yangu.

Wako akupendaye,
Mjomba