Piko ya Nour

Buyenzi, Bujumbura
9 Februari 2025

Kwa Shangazi yangu Khamisa,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na binti yako Nour na majirani wote hapo Rumonge. Mgongo je? Mimi ni mzima, ila maji ya bomba huku huja yanapotaka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na Nour akinifikishia majibu yako huongeza ya kwake.

Cheti cha kwanza cha upambaji nimekipata. Lakini mkuu wa shule, Bwana Hyacinthe, anasema hicho ni cha kupamba watu, si cha kufundisha. Anayetaka kufundisha aongeze somo moja kwanza, kisha ndiyo aingie mafunzo ya ualimu. Masomo yenyewe ni mawili na saa zake zinagongana. Moja ni Maharusi, daraja la pili. Jingine ni Ngozi: magonjwa yake, dawa zinazoidhuru, usafi wa vifaa. Waliolisoma wanasema linachosha, mnakaa na vitabu kama segondari.

Ninachotaka unakijua: nirudi nifungue darasa hapo uani kwako, wasichana wa Kizuka na Gatete wasilazimike kuja mpaka huku. Nijiandikishe lipi? Jina linatakiwa kabla mwezi haujaisha. Jibu umpe Melkiades, huyu dereva wa teksi aliyekuletea barua.

Mwambie Nour harusi yake naiwaza kila siku.

Mtoto wako,
Wafa


Rumonge
15 Februari 2025

Mwanangu Wafa,

Waaleikum salaam. Barua imefika na doa la mawese, gari ya Melkiades haijawahi kuoshwa. Sisi hatujambo. Mgongo unauma asubuhi, mchana unasahau.

Umeniuliza, nami sizunguki: shika Maharusi. Ngozi ulijifunza kwangu tangu ukiwa mdogo unanisagia liwa ya kuwasugua maharusi. Uende kukaa darasani uambiwe liwa ni nini? Nour amecheka, anasema, "Mama, huko wanafundisha magonjwa." Nimemwambia bibi harusi mgonjwa hupelekwa kwa daktari, kwangu haletwi.

Ndoa ni Jumamosi tarehe 12 Aprili, inshallah. Bwana harusi, Qais, anakubali kila ninachosema, mpaka namhurumia. Wiki ya mwisho Nour atawekwa ndani na simu yake nitaizima mimi, maana bibi harusi haongei na watu. Alhamisi nitampaka piko, yale maua meusi ya mikono, mimi mwenyewe. Nimeletewa kutoka Kigoma unga mpya, mweusi kama wino, unashika kwa saa moja tu. Siku zote tulikuwa tunahangaika na hina usiku kucha, kumbe dawa ipo.

Soma kwa bidii. Uani nimeshaanza kufagia upande wako.

Shangazi yako,
Khamisa


Bujumbura
7 Aprili 2025

Shangazi,

Assalaam aleikum. Nisamehe, leo salamu ni fupi. Ule unga wa Kigoma usimpake Nour.

Nilishika Maharusi kama ulivyosema, na mtihani wa vitendo ni Ijumaa hii, ndiyo maana sitaiwahi siku ya hina. Leo mchana nilikuwa nakula na Keren, rafiki yangu wa darasa la Ngozi. Nilimsimulia harusi yetu, na piko inayoshika kwa saa moja. Akaacha kula. Akanionyesha picha kwenye kitabu chao. Unga huo ni rangi ya nywele. Ukiwekwa kwenye ngozi unaweza kuiunguza, wala si papo hapo. Mtu hukaa siku moja, mbili, tatu, anapendeza kabisa, kisha ngozi inavimba na kutoka malengelenge palepale palipochorwa. Alama zinaweza kubaki.

Nikamwambia, "Sisi tunapaka piko miaka yote." Akaniuliza, "Unga huu huu?" Nimekumbuka kwamba Idi ya mwaka jana Nour alijikuna vidole siku nzima baada ya kupakwa piko ya dukani, tukasema ni mbu. Keren anasema aliyewashwa mara ya kwanza, ya pili huwa mbaya zaidi.

Mpake hina nyekundu peke yake. Naomba sana.

Simu ya Nour imezimwa, kama ulivyosema, nawe huna yako. Melkiades ameniahidi kuondoka kesho alfajiri akipata esansi, maana mafuta ya gari yameadimika mji mzima.

Mtoto wako,
Wafa


Bujumbura
9 Aprili 2025

Shangazi,

Melkiades hajaondoka. Nimemkuta kituoni kwenye foleni ya esansi, amelala kwenye kivuli cha gari yake, na bahasha yangu iko pale mbele ya usukani. Akaniambia, "Dada, barua yako iko salama kabisa. Shida yake ni moja, haijui kutembea." Wenzake wakacheka. Hata mimi nilicheka, sijui kwa nini.

Pikipiki nazo zimelala. Ningekuja kwa miguu, lakini ni zaidi ya kilomita sabini na Alhamisi ni kesho.

Nimempigia Hakimu wa dukani, jirani yako. Nimemwambia piko ile ni sumu kwa ngozi, akwambie usimpake Nour. Alikuwa na wateja, nasikia anapima mchele, ananijibu "ndiyo, ndiyo, nitafikisha." Nimempigia tena kuhakikisha, hapokei.

Barua zote mbili naziacha kwa Melkiades. Sina mahali pengine pa kuziacha.

Wafa


Rumonge
27 Aprili 2025

Mwanangu Wafa,

Waaleikum salaam. Nimechelewa kukuandikia. Barua zako zilifika Jumanne, siku ya tatu baada ya ndoa.

Hakimu alikuja, usimlaumu kwamba hakuja. Alisimama uani anaangalia ndoo. Akasema, "Wafa amepiga simu, anasema Nour asipakwe piko." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama, iko mambo ya wanawake, mimi sikuuliza zaidi." Akaenda zake, ana haya kuliko msichana.

Mwanahamisi alikuwa amekaa na mimi, yule anayepaka hina Gatete. Alikuja kunisaidia. Akanicheka. "Mwanafunzi wako amekuwa mwalimu wako. Siku hizi anakutumia amri kwa simu." Basi nikaona ni hivyo. Nikaona umeumia kukosa siku ile, unataka mikono ya Nour ikungoje wewe na cheti chako. Nikakoroga unga mbele ya Mwanahamisi, na uliobaki nikamgawia nusu ya kopo.

Jumamosi mikono kama ya Nour ilikuwa haijapata kuonekana Rumonge. Watu walipanga mstari kuipiga picha. Jumapili asubuhi alianza kuwashwa. Jumatatu maua yaliinuka, kila ua limejaa maji. Qais alimpeleka kituo cha afya kwa pikipiki ya kuomba. Daktari akauliza nani aliyempaka. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nour akamjibu, "Nilijipaka mwenyewe."

Amefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Qais anamlisha kwa mkono. Nour hajanisema hata neno moja, naye anajua jinsi ya kusema.

Shangazi yako,
Khamisa


Bujumbura
4 Mei 2025

Shangazi yangu,

Assalaam aleikum. Natumai leo mmeamka salama, na bandeji za Nour zinabadilishwa kila siku. Nimemwomba Keren aulize mwalimu wake, naye amesema hivi: vidonda visipakwe kitu chochote cha nyumbani, hata asali, ila dawa ya daktari. Na Nour asiguse tena rangi ya nywele maisha yake yote, hata akizeeka akapata mvi. Mwambie polepole.

Hukukosa wewe peke yako. Nami siku ile ningeweza kumwambia Hakimu nampigia baada ya wateja. Niliona haya kumsumbua.

Mtihani nilifaulu. Bwana Hyacinthe aliniita ofisini, akaniambia mafunzo ya ualimu yanaanza Septemba na cheti cha Maharusi kinatosha kuniingiza. Nikamwuliza habari ya Ngozi. Akasema, "Ukitaka Ngozi kwanza, utangoja mwaka mzima, na mwaka ujao nafasi sikuahidi." Nikiingia sasa, nitarudi mapema kufundisha, lakini nitafundisha kitu nisichokijua. Nikingoja, sijui nani atakuwa anawapaka wasichana wetu mpaka nirudi.

Keren anasema picha ya mikono ya Nour ilivyo sasa ingefundisha kuliko kitabu chao. Sithubutu kumwomba. Unaweza kumwomba wewe?

Na mimi nichague lipi, Shangazi? Jibu linatakiwa kabla ya Julai.

Mtoto wako,
Wafa


Rumonge
8 Juni 2025

Mwanangu Wafa,

Waaleikum salaam. Amahoro, amani ipo, chakula kipo. Murakoze, asante kwa maneno ya mwalimu wa Keren, tumeyafuata yote.

Swali lako sitalijibu. Si hasira. Mara ya kwanza nilikujibu kabla sijamaliza kusoma barua yako. Sasa nimesoma hii mpaka karatasi imelegea, na sijui. Chagua mwenyewe, mama. Nitakachosikia umechagua nitasema ni kizuri.

Ngozi ya Nour imefunga. Maua yamebaki, yamevimba kidogo na rangi yake imefifia kuliko mkono. Anakaa na mikono ndani ya kanga hata jikoni. Nilimwomba ile picha. Akaniambia, "Mama, picha zipo tayari." Ni kweli. Zile za harusi zimezunguka kwenye simu mpaka Nyanza-Lac. Wiki iliyopita walikuja wasichana watatu, wamevaa vizuri, wanasema, "Tunataka ile piko ya Nour." Nikawaambia ilimuunguza. Mmoja akatoa simu. "Iko nzuri namna hii, Mama, imemuunguza wapi?" Nikawapeleka kwa Nour wakajionee. Hakufungua mlango. Alijibu ndani, "Niacheni." Wakatazamana, wakacheka kidogo, wakaenda Gatete.

Nami niliwafuata baadaye kumwomba Mwanahamisi anirudishie kopo. Nilimweleza yote, nilimsomea na barua yako. Akasikiliza vizuri, akanipa chai. Halafu akasema, "Dada, yako iliharibika kwa sababu ulikoroga kwa hasira. Mimi niliowapaka wote ni wazima." Wangapi, sikuuliza. Kopo hakunipa. Amekwisha kuagiza jingine.

Ijumaa hii kuna harusi Kizuka. Nimesikia bibi harusi ameomba maua yale yale, na Mwanahamisi ndiye atakayempaka. Simjui mama yake, wala hanijui. Nitakwenda kesho kwa miguu kuwaonya. Nikisema mimi sipaki hina, watauliza imenihusu nini. Nikisema mimi ndiye niliyempaka Nour, wataniomba niwapake.

Shangazi yako,
Khamisa