Taili za Bafuni

Jumamosi usiku

Na bado anaziita taili za kifahari! Mutua, mume wangu, aliziona sebuleni kwa bosi wake kule Loresho, zinang'aa hadi unaona pua yako, akaamua nyumba yetu yote hapa Dagoretti iwe hivyo. Nilimwambia sebuleni sawa, wageni waone. Lakini jikoni na bafuni tuweke zile zinazokwaruza mguu, maji yakimwagika mtu asiteleze. Akanijibu mbele ya fundi, "Mama Ndinda, wewe shughulika na mapazia."

Mapazia!

Leo mama yake amekuja kutoka Kitui kukaa nasi, maana goti linamsumbua. Kwetu viatu vinaachwa mlangoni, kwa hivyo ameingia na soksi, akapita kwenye korido akishika ukuta kwa mikono miwili. Mutua akamuuliza, "Mama, umeziona taili?"

"Nimeziona, mwanangu. Ni nzuri sana."

Jioni nimempashia maji ya kuoga. Akasimama mlangoni pa bafu, akaangalia chini, kisha akaninong'oneza nimpelekee karai chumbani, na nisimwambie mwanawe.

Mama wa watu, anaogopa bafu la mtoto aliyemzaa! Akianguka avunjike nyonga, si bosi wa Loresho atakayekuja kumwinua. Ni mimi. Halafu nitaambiwa sikupiga deki vizuri, kwamba...

Basi. Nimempigia fundi simu. Jumatatu, Mutua akishaenda kazini, anakuja na nyundo.

Mapazia yatangoja.