Tuzo Niliyokupokelea

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu Kichwa,

Habari za siku nyingi? Vipi afya, vipi kazi, vipi hiyo baridi unayoilalamikia kila ukipiga simu? Natumaini kifua kimepona na unavaa lile sweta nililokutumia. Sisi huku tu wazima. Presha ya Mama imeshuka tangu abadilishiwe dawa, na magoti yanamsumbua asubuhi tu. Mimi nipo palepale, dirisha la malalamiko, idara ya maji. Watu wananifokea kwa mabomba ambayo sikuyapasua mimi, na mwisho wa mwezi nashukuru.

Hongera kwa tuzo ya chuo ya Mhitimu wa Mwaka. Nimeanza na hongera kwa sababu ndivyo Mama alivyotulea, na kwa sababu ulistahili. Madaraja uliyoyajenga yalionyeshwa kwenye skrini na ukumbi ukapiga makofi kabla hata picha hazijaisha. Hata mimi nilipiga. Hilo nalisema kwa moyo mkunjufu. Yanayofuata si ya moyo huo.

Uliponiomba nikakupokelee, ulisisitiza niende peke yangu, eti Mama atachoka na vile viti vya ukumbini. Nikadhani unamhurumia. Lakini nani angemwacha? Tangu asikie habari ya tuzo nyumba haikukalika. Alimpelekea kitambaa jirani yetu Bibi Cherehani, akashonewa gauni la bluu. Akalipiga pasi mwenyewe, maana mtu aliyefua na kupiga pasi mashuka ya hospitali mpaka anastaafu hamwachii mtu pasi. Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta ameshavaa, mtandio begani, amekaa ukingoni mwa kiti asilikunje. Ungekuwa wewe ungemwambia abaki?

Tulikaa safu ya tatu, kwenye viti vya wageni. Mimi nami ni mhitimu wa chuo hichohicho, shahada ya kemia, nilimaliza kabla yako. Lakini kuna viti vya wahitimu waliofanikiwa na kuna viti vya sisi wengine, na kadi yangu iliandikwa "mwakilishi". Sikujali sana. Akaitwa daktari bingwa wa macho, akaitwa mama mwenye kiwanda cha sabuni, akaitwa bwana mmoja wa benki ambaye wasifu wake ulikuwa hauishi. Mkewe, aliyekaa jirani na Mama, akamnong'oneza, "Huyo wanayemsifu, hata mimi mkewe ningependa kukutana naye." Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa na furaha, Kichwa. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Ikaja zamu yako. Sura yako ikajaa skrini nzima, na mshereheshaji akasoma wasifu wako, akasema umeuandika mwenyewe na yeye hajaongeza hata nukta. Ulisema ulifiwa na baba na mama ukiwa mdogo. Ulisema hukuwa na mtu, ukajilea, ukajisomesha kwa vibarua, usiku ukisomea chini ya taa za barabarani.

Taa zipi? Mtaa wetu nguzo zilisimamishwa tukiwa watoto na mpaka leo hakuna iliyowahi kuwaka. Ulisomea jikoni, mezani, na Mama alikuwa anazima taa ya chumbani anakaa gizani ili bili isije ikazidi, umeme ukakatwa katikati ya hesabu zako. Vibarua ulivyofanya sivijui, vyake ndivyo ninavyovijua. Baba kweli alifariki, hilo halina ubishi. Ila huyo mwingine uliyemzika alikuwa amekaa kando yangu, na gauni jipya.

Nilimgeukia. Alikuwa anaitazama skrini kama mtu anayesubiri msomaji afike mwisho, huenda mwisho utakuwa mzuri. Watu walikuwa wanatoa vitambaa, wanakulilia. Yule mke wa bwana wa benki akaangalia skrini, akamwangalia Mama, akarudi kwenye skrini. Unajua mlivyofanana: paji la uso lilelile, pua ileile, mpaka pengo la meno ya mbele. Mama akaona anavyotazamwa. Akavuta mtandio kutoka begani, akajifunika uso mpaka chini ya macho, akakaa hivyo.

Sijawahi kukuchukia maishani mwangu. Pale nilikuchukia.

Nikaitwa jukwaani. Nikakabidhiwa tuzo, na mshereheshaji akanipa kipaza sauti, akaniuliza mimi ni nani wako na kama nina neno. Maneno nilikuwa nayo, tena ya kutosha. Ukumbi umetulia, wakubwa wa chuo wako mbele, na picha yako iko nyuma yangu inacheka. Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, vile alivyokuwa anatukanya tukiwa kwa watu. Nikasema, "Mimi ni jirani yake wa zamani. Anawashukuru sana." Nikashuka.

Walipotaka picha, Mama alikuwa ameshafika getini. Nikamkuta huko, na mke wa bwana wa benki ameshamfuata, si kwa ubaya, ni mama mwenye adabu zake. Akamuuliza, "Samahani, mama. Wewe na yule kijana mna undugu?"

"Hapana, mwanangu," Mama akamjibu. "Nimemsindikiza tu huyu dada."

Nyumbani akavua gauni, akalikunja, akaingia jikoni kana kwamba ametoka sokoni. Majirani walipokuja kutupongeza aliwaambia sherehe ilifana na watu walilia. Basi hakusema uongo.

Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia labda ulianza zamani, wakati ule wa kuhangaikia ufadhili, ukaona ukisema una mama watakupita wakampe mwenzako. Kama ndivyo, njaa ile naijua, tuliila pamoja. Ungetuambia tu, na Mama angekuwa wa kwanza kukubali. Lakini ufadhili umeisha zamani, Kichwa. Una kazi, una nyumba, una jina. Mhitimu wa Mwaka anamuua mama yake kwa faida ya nani? Au yatima anapigiwa makofi zaidi kuliko mtoto wa dobi? Nimeandika kwa hasira na sifuti.

Kuna jambo moja nakuomba, na silirudii. Chuo kinachapa kitabu cha wahitimu bora mwezi ujao, na wasifu wako umo. Waandikie. Waambie mama yako yupo, taja na kazi yake, waurekebishe kabla hawajachapa. Usipofanya hivyo, kitabu kitaingia maktaba, kitaingia maofisini, na siku moja mtu atakileta hapa mtaani akidhani anatuletea furaha. Mimi ukumbini nilinyamaza kwa ajili yake. Sitaweza kunyamaza kila siku.

Tuzo ni ya kioo, nzito. Nimeiacha ndani ya boksi lake, juu ya kabati. Mama aliniuliza kwa nini siiweki sebuleni ambapo watu wataiona. Ukiitaka, nitakutumia.

Shangazi anakusalimu sana, amepata mjukuu mwingine na bado anasema hakuna aliyezaliwa na kichwa kama chako. Mjomba Dereva anakusalimu, amestaafu lakini bado anaamka alfajiri kwenda kuangalia gari ambalo si lake. Bibi Cherehani anauliza kama gauni lilipendwa. Nimemwambia lilipendwa. Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki na akupe usingizi, ingawa usingizi sikuombei mwingi.

Salamu za Mama nimeziacha mwisho kwa sababu sikujua niziandike vipi. Nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana neno. Alikuwa anamenya viazi. Hakukutukana wala hakulia, ningefurahi kama angelia. Alisema hataki uwaandikie watu wa chuo ukaaibika, yaliyosemwa yamesemwa. Akaendelea kumenya. Kisha akasema nikuulize alikufa mwaka gani na kwa ugonjwa gani, ili siku wakija kumuuliza asije akakuumbua.

Mjibu mwenyewe.

Ni mimi, akupendaye bado, kwa shida,
Dada yako.